Mgongo Unaogawa Maji: Jinsi Mito ya Ituri Inavyoichonga na Kuijaza Ardhi

Mhadhara kwa umma, Bunia

 

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza namna mito inavyoiumba nchi kwa kazi mbili, yaani kuichonga na kuijaza, na kuonyesha kwa mifano ya Ituri na ya majirani wake kwamba kazi hizo haziwezi kutazamwa kila moja peke yake. Dai linalotetewa ni hili: mji wa Bunia, kwa kuwa umejengwa karibu na mgongo wa ardhi unaogawa maji ya mto Kongo na maji ya mto Nile, umekaa mahali mito inapopakia mzigo wake, si mahali inapoushusha, kwa hiyo juhudi nyingi za kupambana na tope na mafuriko mabondeni na kando ya ziwa huanza zikiwa zimechelewa, kwa sababu mzigo ulikwisha kupakiwa huku juu.

Kabla ya kuziingia hoja, yafaa istilahi tatu zifafanuliwe. Mmomonyoko ni kumeguka na kuchukuliwa kwa udongo na mawe kwa nguvu ya maji, upepo au barafu, ingawa hapa ni maji tu yanayohusika. Mashapo ni jina la jumla la vitu vyote vinavyochukuliwa na maji, kuanzia mawe yanayobingirika sakafuni mwa mto, changarawe na mchanga unaorukaruka juu yake, hadi tope laini linaloelea na kuyapa maji rangi nyekundu. Utuaji ni kutulia kwa mashapo hayo pale maji yanapopungukiwa na nguvu. Upo pia mzigo usioonekana kwa macho, nao ni madini ya mawe yaliyoyeyuka ndani ya maji. Mito midogo inayopita chini ya miti ya msitu wa Ituri, ambayo maji yake ni meusimeusi kwa ajili ya majani yaliyooza, hubeba tope kidogo sana, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kwa njia hiyo ya kuyeyusha.

Hoja ya kwanza: nguvu ya mto hutokana na mteremko, na mteremko wa Ituri una pande mbili zisizolingana

Watu wengi hudhani kwamba mto mkubwa ndio unaochimba zaidi, kumbe wingi wa maji ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni mteremko, yaani kiasi ambacho sakafu ya mto inashuka kwa kila kilomita ya safari yake. Bunia iko kwenye kimo cha mita 1,275 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Albert, ambalo enzi za Zaire liliitwa Ziwa Mobutu Sese Seko, liko kwenye kimo cha mita 620 hivi, umbali usiofika kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Kijito kinachozaliwa upande wa mashariki wa mgongo, katika vilima vinavyotazama ziwa, hakina budi kushuka mita 600 na zaidi katika safari ambayo mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuimaliza kwa siku moja. Maji ya upande wa magharibi, ambayo ndiyo maji ya Bunia, huingia katika mto Ituri, ambao ukishaungana na mto Nepoko huitwa Aruwimi, na hatimaye hukutana na Kongo huko Basoko. Safari hiyo yote inapita kilomita 1,000, lakini kushuka kwake kwa jumla hakufiki mita 1,000. Kwa hesabu ya kawaida, upande wa mashariki maji hushuka zaidi ya mita 10 kwa kila kilomita, na upande wa magharibi hayafikii wastani wa mita 1.

Tofauti hiyo ina matokeo makubwa kuliko inavyoonekana katika tarakimu, kwa sababu nguvu ya mkondo haiongezeki sambamba na kasi yake. Katika karne ya 19 mwanahisabati Mwingereza William Hopkins alionyesha kwamba uzito wa jiwe ambalo mkondo unaweza kulisukuma hukua kwa kipeo cha sita cha kasi, maana yake ni kwamba kasi ikizidi mara mbili, jiwe linaloweza kusukumwa huwa zito mara 64. Kanuni hiyo ni ya kukadiria, na mito halisi, yenye mawe yaliyoshikamana na kingo zenye mizizi, haiifuati kwa usahihi wa mizani. Hata hivyo inaeleza kwa nini mto unaovukwa na watoto kwa miguu karibu mwaka mzima unaweza, katika usiku mmoja wa mvua, kuviringisha mawe ambayo vijana kumi hawayatikisi. Wakazi wa Kasese nchini Uganda, upande wa pili wa milima ya Rwenzori, waliyaona hayo tarehe 1 Mei 2013, mto Nyamwamba ulipofurika katika bonde la Kilembe na kuacha mawe makubwa mahali palipokuwa na makazi.

Kutokana na hayo yafuata jambo ambalo wapangaji wa miji hulisahau, kwamba wastani wa mwaka hausemi mengi juu ya mto. Sehemu kubwa ya kuchonga na kubeba hufanyika katika siku chache za mafuriko, na daraja lililopimwa kwa maji ya siku za kawaida limepimwa kwa siku ambazo mto haufanyi kazi.

Hoja ya pili: mto hukua kwa kurudi nyuma, na sheria hiyo ni moja mlimani na mtaani

Mgongo unaogawa maji haukuwapo tangu mwanzo. Wanajiolojia wamebainisha kwamba kabla ya Bonde la Ufa la magharibi kufunguka, mito iliyoanzia mahali ambapo leo ni Uganda ilielekea magharibi, kwenye bonde la Kongo. Ardhi ilipopasuka, sakafu ya ufa ikashuka na mabega yake yakainuka, mito hiyo ilikatizwa njia. Bega la Uganda lilipoinuka, maji yaliinamishwa kurudi mashariki na kujaza sehemu za chini ambazo zimekuwa maziwa ya Victoria na Kyoga. Ushahidi wake bado unaonekana katika mito ya Kafu na Katonga, ambayo hupita katika mabonde mapana yenye vinamasi, na ambamo maji yaliyo katika bonde moja huelekea pande mbili kinyume, mengine mashariki na mengine magharibi. Bega la upande wa Ituri nalo liliinuka vivyo hivyo, na juu yake ndipo ulipo mgongo unaozungumziwa.

Lakini kilichoinuliwa na nguvu za ndani ya dunia hakiachwi salama na mito. Kijito chenye mteremko mkali huchimba zaidi pale kinapoanzia, kwa kuwa pale ndipo ukingo unapobomoka, na kila kipande kinachobomoka hukifanya chanzo chake kisogee juu zaidi. Hali hiyo huitwa mmomonyoko wa kurudi nyuma. Kwa kuwa vijito vya upande wa ziwa vina mteremko mkali mara nyingi kuliko vile vya upande wa Ituri, mgongo haubaki mahali pake: mahali vijito viwili vinapopakana, kile cha mashariki hula ardhi ya mwenzake polepole, na mwishowe huweza kukata mkondo wake na kuyageuza maji yake, jambo ambalo wataalamu huliita utekaji wa mto. Kwa kipimo cha maisha ya binadamu mwendo huo hauonekani. Wenye viwanja Bunia hawana sababu ya kuhofia kwamba Nile itawafikia.

Wana sababu, hata hivyo, ya kuhofia kitu kingine kinachofuata sheria ileile kwa haraka kubwa mno. Korongo linaloanzia mwishoni mwa mtaro wa barabara, mahali maji yanapoanguka kutoka kwenye saruji hadi kwenye udongo mtupu, halichimbi kuelekea chini ya mlima tu, bali kichwa chake hupanda kuelekea juu, likifuata maji yanakotoka, na katika msimu mmoja wa mvua laweza kupita chini ya ua, likafika ukutani, kisha likaimeza njia yote. Anayetupa mifuko ya mchanga na takataka kwenye mdomo wa chini wa korongo, penye upana, anajaza mahali ambapo korongo limekwisha kumaliza kazi. Pa kushughulikia ni kichwani, ambapo maji yanaanguka, na zaidi ya hapo, kwenye mabati, nyua zilizofagiliwa hadi kuwa ngumu na barabara zilizoshindiliwa, ambazo zimeyakusanya maji yaliyokuwa yakizama ardhini na kuyapitisha mahali pamoja. Wahandisi waliomo ukumbini wanalijua jambo hili vizuri. Ni katika bajeti ndimo linamosahaulika, kwa sababu fedha hutolewa korongo linapokuwa limefika barabarani, si linapokuwa na kina cha goti.

Hoja ya tatu: kilichochukuliwa juu hakina budi kutua chini

Mto hauna ghala. Kila mahali kasi inapopungua, mzigo unashushwa kwa utaratibu uleule: mawe kwanza, changarawe na mchanga baadaye, na tope laini mwisho, ambalo husafiri hadi kwenye maji yaliyotulia kabisa. Kwa hiyo anayeitazama ardhi kwa makini anaweza kusoma kasi ya maji ya zamani kwa kuangalia ukubwa wa chembe zilizoachwa.

Mfano mkubwa kuliko yote katika nchi hii ni Ziwa Albert lenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, Ziwa Kivu karibu mita 480, na Ziwa Albert, ambalo ni mtoto wa ufa huohuo, halizidi mita 60. Sehemu ya sababu ni kwamba mito imekuwa ikilijaza kwa mamilioni ya miaka. Chini ya sakafu yake yamelala mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa, na ni katika tabaka hizo ndimo mafuta yalimopatikana upande wa Uganda mwaka 2006. Mvuvi wa Tchomia au Kasenyi anayetia nanga katika maji mafupi ameegesha mtumbwi juu ya milima iliyosagwa.

Mchangiaji mmoja mashuhuri wa mashapo hayo ni mto Semliki, ambao huanzia Ishango, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Edward, hupokea maji yanayoteremka kutoka Rwenzori, hupita msituni kwa mteremko mkali, kisha huingia katika tambarare pana kusini mwa Ziwa Albert. Huko chini, ambako mteremko umekwisha, mto hauwezi tena kuchimba kwenda chini, kwa hiyo huchimba pembeni: maji ya nje ya kila kona huenda kasi na kula ukingo, yale ya ndani ya kona hupunguza mwendo na kuacha mchanga, na kona huzidi kupinda hadi mto, siku ya mafuriko, unapokata njia ya mkato na kuiacha kona ya zamani ikiwa ziwa dogo lililopinda mfano wa kwato. Mbele zaidi, mto unapoingia ziwani, mzigo uliobaki hushushwa mdomoni na kutengeneza delta, yaani nchi kavu mpya, yenye matawi ya maji na mafunjo, inayosonga mbele ndani ya ziwa.

Kwa kawaida hili lingekuwa somo la darasani tu, lakini Semliki wa chini ni mpaka wa mataifa mawili. Waingereza na Wabelgiji, walipokubaliana mipaka mwanzoni mwa karne ya 20, waliufanya mto uwe alama, kama kwamba mto ni ukuta. Kona inapohama, malisho yaliyolala upande mmoja hujikuta upande wa pili, na wafugaji wa pande zote mbili, ambao ng'ombe wao hushuka kunywa maji palepale na kuvunja kingo kwa kwato, huchangia kuuhamisha mpaka ambao serikali zao zinaulinda. Haikuwa busara kuchagua kitu kinachotembea kuwa alama ya kitu kinachotakiwa kutulia.

Mto huohuo umehifadhi pia kumbukumbu. Mto unaopata nguvu mpya, kwa sababu ardhi imeinuka au ziwa limeshuka, hukata ndani ya tambarare uliyoijaza wenyewe na kuiacha juu ikiwa ngazi kandokando ya bonde. Ngazi hizo huitwa matuta ya mto. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata huko Ishango mfupa wenye alama zilizochongwa kwa mpangilio ambao baadhi ya wataalamu huuona kuwa wa hesabu, unaokadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi, na mbele kidogo, Katanda, kwenye kingo za Semliki, vilipatikana vyusa vya mfupa vyenye miba, ambavyo umri wake umekadiriwa kufikia miaka 90,000. Vitu hivyo vilizikwa na utuaji na kufunuliwa na mmomonyoko, na pasipo kazi zote mbili watu waliovua samaki pale wasingejulikana.

Utuaji una sura nyingine isiyo na upole. Kijito kikali kinapotoka mlimani ghafla na kufika mahali tambarare, hushusha mzigo wake wote kwa mkupuo, na baada ya mafuriko mengi mahali hapo huwa pameumbika kipande cha ardhi chenye umbo la kipepeo cha mkono, kilichoinuka kidogo karibu na mlima na kutandazika kuelekea ziwani. Ardhi hiyo ina rutuba, ina maji, ina wepesi wa kujengwa, na kando ya maziwa ya ufa mara nyingi ndiyo tambarare pekee iliyopo. Ndiyo maana vijiji na masoko huwekwa hapo. Lakini ni ardhi iliyotengenezwa na mafuriko. Katika usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia mjini Uvira na kuua watu makumi. Tarehe 4 Mei 2023, katika eneo la Kalehe, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kando ya Ziwa Kivu vilifunikwa kwa maji, tope na mawe, na waliokufa walizidi 400. Katika misiba hiyo mito ilirudi mahali ilipokwisha kufika mara nyingi kabla ya nyumba kuwapo, na mawe ya mafuriko ya kale, chini ya misingi ya nyumba, yalikuwa yakilisema hilo kwa yeyote aliyechimba shimo.

Yapasa kuongezwa, ili mambo yasichanganywe, kwamba kupanda kwa maji ya Ziwa Albert kulikoshuhudiwa mwaka 2020, ambako kuliwafukuza watu majumbani huko Kasenyi, Tchomia na kwingineko pwani, hakukusababishwa na tope. Mvua nyingi katika bonde zima la juu la Nile ndizo zilizoleta maji hayo. Tope hufanya kazi ya polepole zaidi, ya kufukia mazalio ya samaki mdomoni mwa mito na kupunguza kina cha maegesho ya mitumbwi.

Hoja ya nne: dhahabu ya Kilo ni kazi ya mto, na anayeitafuta anafanya kazi ya mto

Dhahabu ya Ituri ilizaliwa ndani ya miamba ya kale sana, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambayo wanajiolojia wameiita kwa jina la mto Kibali. Ilipogunduliwa mwaka 1903 na uchimbaji ulipoanza mahali paitwapo Kilo mwaka 1905, haikutolewa kwanza mwambani, bali katika mchanga na changarawe za vijito. Sababu yake ni utaratibu uleule uliokwisha elezwa: maji yaliubomoa mwamba, yakauchukua mchanga mwepesi hadi mbali, na dhahabu, ambayo ni nzito zaidi ya mara saba kuliko mchanga wa kawaida kwa ujazo uleule, ikatangulia kuzama nyuma ya mawe, ndani ya kona na chini ya changarawe. Mto ulikuwa umechambua kwa maelfu ya miaka kile ambacho kampuni ya uchimbaji ilikuja kukiokota.

Mchimbaji wa leo anayegeuza kijito, anayechimba sakafu yake na kuosha mchanga kwenye ubao ulioinamishwa, anayarudia yale yale, kumomonyoa, kusafirisha na kutuamisha, ila kwa kasi ambayo mto usingeifikia. Tope analoliachia haliishi pale machimboni. Hushuka na maji mpaka yatakapotulia, na mahali maji yanapotulia kwanza ni mabwawa na mabanio ya mitambo ya umeme. Mtambo wa Budana katika mto Shari ulijengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na mtambo wa aina hiyo hauna adui mkubwa kuliko mchanga, unaojaza nafasi ya maji na kusaga vyuma vya mashine. Haidaiwi hapa kwamba wachimbaji waache kazi inayolisha nyumba zao. Linalodaiwa ni kwamba mchanga uliooshwa uwekewe mahali pa kutua, shimo kwa shimo, kabla maji hayajarudishwa mtoni, jambo ambalo ni rahisi kwa majembe yaleyale yaliyochimba.

Yaliyo mbele

Mji wa Bunia umekua kwa kasi, hasa kwa kuwapokea watu waliokimbia vita vijijini, na wengi wao wamepata viwanja pale tu viwanja vilipobaki, yaani kwenye miteremko na katika mabonde yenye unyevu kando ya mto Nyamukau, ambako matofali nayo hufyatuliwa. Si haki kuwalaumu kwa kukaa pabaya. Ni haki, na inawezekana, mji ujue kiasi cha udongo unaoondoka, kwa kuwa mpango wa mitaro usio na vipimo vya mto ni wa kubahatisha.

Kinachopendekezwa kwa vyuo na kwa wakuu wa mji hakihitaji mitambo ya gharama. Mti wa kupimia, wenye alama za sentimita, usimikwe kwenye nguzo ya daraja moja la Nyamukau na daraja moja la Shari. Kina kisomwe asubuhi na jioni, na kila saa siku ya mafuriko. Chupa ya maji ichotwe kila mara, iachwe itue, ikaushwe, na tope lake lipimwe kwenye mizani ya maabara ya shule. Wanafunzi wa jiografia wanaweza kupokezana zamu hiyo mwaka hadi mwaka. Kwenye makorongo makubwa ya mjini kigingi kimoja kipigwe hatua kumi juu ya kichwa cha korongo, na umbali upimwe kila baada ya mvua kubwa, ili ijulikane korongo lipi linakimbia na lipi limelala, maana fedha hazitoshi kwa yote. Wavuvi wa Kasenyi, kwa upande wao, wana kamba na mawe ya kupimia kina; wakiandika vina vya midomo ya vijito kila kiangazi, ziwa nalo litakuwa na kumbukumbu yake.

Vipimo vya kwanza vingefaa kuanza kabla ya mvua za Machi, ili msimu mzima uandikwe bila pengo, na daftari lake liwekwe mahali ambapo wahandisi wa barabara, wakuu wa mitaa na walimu wanaweza kulisoma bila kuomba barua ya ruhusa.